Sauti ya Dawa ya Panya

Chanji, Sumbawanga
14 Mei 2024

Dada yangu Dominika,

Shikamoo. Naiandika mara mbili, shikamoo, maana ile ya kwanza najua umeiitikia umenuna. Sisi huku Chanji wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Epifania analala na sweta, soksi na kofia. Ukimtazama usiku utadhani nimeoa gunia la mahindi. Mama kule Msanzi anavuna ulezi wake na hataki msaada. Nilikwenda kumsaidia akanifukuza shambani, eti ninachokanyaga ni kingi kuliko ninachovuna. Anakusalimu sana.

Simu yako ilipozama ziwani nilisema nakununulia nyingine, ukakataa. "Kwenye simu unaongea peke yako, Vale. Andika barua, na mimi nipate zamu." Haya, nimetii. Mimi niliyeongea na polisi wa Lubumbashi mpaka wakanichemshia chai, leo nimeinama na kalamu kama mtoto aliyeadhibiwa! Azizi atakuletea barua hii na lori lake akija kupakia dagaa. Majibu mpe yeye huyo huyo.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mdogo wako ameitwa na watu wa chanjo.

Ilikuwa hivi. Wanapeleka msafara huko kwenu mwambao, kuchanja watoto waliopitwa. Wakauliza sokoni, nani hapa mjini ana sauti inayofika mbali? Soko zima likaninyooshea kidole. Si unajua tena. Rukwa hii kuna mtu asiyejua sauti yangu? Panya wa Namanyere wakisikia pikipiki yangu wanaanza kugawana urithi. Hata huko Wampembe mwaka jana niliuza dawa ya panya mpaka mfuko wa mwisho, akina mama wakanililia nirudi. Kwa hiyo Nesi Hellena, kiongozi wa msafara, mama mmoja hacheki hovyo, akaniita, akanipa karatasi ya maneno ya kutangaza. Nikamwambia, mama, maneno haya yamelala. Niachie mimi niyaamshe.

Nikayaamsha. Nimerekodi kwenye flashi, na ule mziki wangu wa mwanzo nimeuweka vile vile, watu wanaupenda. Sikia: "Haya haya haya! Imefika tena! Akina mama, leteni wadogo wote, hakuna atakayebaki! Bure kabisa! Matone kidogo tu, sindano moja tu, kazi imekwisha!" Dereva alisisimka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

Mimi mwenyewe siji, pikipiki haiwezi kulala njaa. Lakini sauti yangu itakuja juu ya gari, wiki ya kwanza ya Juni. Ninachotaka kwako ni kimoja: bibi yangu Sharon, mjukuu wetu, awe wa kwanza kwenye mstari. Ametimiza miezi tisa, ndiyo wakati wa chanjo ya surua, Nesi kaniambia. Mwambie mwanao Edith ambebe, asimame mbele, watu waseme huyo ni mjukuu wa mwenye sauti.

Ni mimi, ambaye hata barua yake inasikika ng'ambo ya pili,
Valerian


Wampembe
30 Mei 2024

Mdogo wangu Valerian,

Marahaba. Tunashukuru Mungu, tunapumua. Ziwa limetulia. Mume wangu bado anakohoa lakini majini anaingia. Edith hajambo, anakaa kwa mama mkwe wake Kristiana, hatua chache kutoka kwangu. Sharon ameota meno mawili na ameanza kuvuta ndevu za kila mwanamume anayempakata. Mwambie mama nitapanda mlima kumwona dagaa wakipungua.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma tena. Nimefurahi umepewa kazi ya heshima, maana hukupenda kusoma na watu walisema mengi.

Nikuulize tu, Vale. Hayo matangazo ni lazima yawe na ule mziki?

Azizi anapiga honi, naishia hapa.

Dada yako,
Dominika


Chanji
16 Juni 2024

Dada Dominika,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amemaliza ulezi, sasa anagombana na kuku. Salamu zimekwisha, dada, maana leo nina moto kifuani.

Gari limerudi. Nesi Hellena kasema huko kwenu wamekaa chini ya turubai tangu asubuhi mpaka jua linazama, na waliokuja wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine, anasema, waliposikia gari walibeba watoto wakakimbilia vichakani. Vichakani! Nimepita Kasama, nimepita Tunduma, nimelala Lubumbashi, sijaona mtu anaikimbia sauti yangu. Watu huifuata!

Basi kikaitwa kikao na mimi nikaalikwa. Kijana mmoja mwenye tai akasimama akasema akina mama wa ziwani wana imani potofu, wanaogopa chanjo itaharibu uzazi, watungiwe ngonjera. Mimi nilikaa pale nimeiva kwa aibu. Nikasema, jamani, dada yangu yuko huko na ana akili kuliko kikao hiki. Wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini si kwa moyo.

Niambie ukweli. Sharon alichanjwa au hakuchanjwa? Kama hakuchanjwa, kwa nini? Ni Edith? Ni huyo Kristiana? Nasikia ndiye mwenyekiti wa jumuiya yenu ya kanisani, akikohoa yeye wote wanashika vifua. Na kuhusu mziki, umeuliza kitu gani kile? Sikukuelewa.

Nijibu yote, usinikatie.

Mdogo wako anayeungua,
Valerian


Wampembe
24 Juni 2024

Vale,

Marahaba. Huku wazima, isipokuwa Sharon ana kikohozi kidogo. Nimepokea sukari uliyotuma, Mungu akuongezee.

Unauliza kwa nini akina mama hawakuja. Nitakueleza, na huyo kijana mwenye tai umsomee.

Wiki ile mlipokuja ilikuwa giza. Mwezi ukiwa haupo, ndipo mitumbwi inaingia na taa, dagaa wanafuata mwanga. Asubuhi wanaume wanatua na kulala. Sisi ndiyo tunaanza. Dagaa wakishamwagwa mchangani hawangoji mtu. Usipowaanika na kuwageuza jua likiwaka, jioni wananuka na mnunuzi anapita bila kugeuza shingo. Nani aache hao aende kukaa chini ya turubai? Mngekuja mbalamwezi. Mwezi ukijaa hakuna uvuvi, wanaume wanashona nyavu, sisi tunasukana. Hata mtoto wa huku angewaambia, lakini hakuna aliyeuliza.

Hiyo ni sababu.

Sharon hakuchanjwa.

Kuhusu wale waliokimbia, waache. Watu wana mambo yao.

Wako,
Dominika


Chanji
29 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Habari ya giza na mbalamwezi nimempelekea Nesi Hellena. Akaiandika, halafu akasema, "Hawa ndio waliotakiwa kuwa kwenye kikao." Nilivimba kifua kana kwamba nimeutengeneza mwezi mwenyewe.

Lakini dada, nimesoma barua yako kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Dagaa hawamfanyi mtu akimbilie kichakani. Mtu mwenye dagaa hubaki na dagaa wake. Kuna kitu umekimeza.

Na Azizi kaniletea neno lingine. Eti kwenye kambi za wavuvi kusini yenu kuna surua. Eti watoto wana macho mekundu na vipele. Hiyo ni kweli? Kikohozi cha Sharon ni kikohozi gani? Ana homa? Macho yake yakoje? Ukishindwa kuniambia mengine yote, niambie macho.

Valerian


Chanji
5 Julai 2024

Dada,

Azizi kaja mikono mitupu. Nimemuuliza, "Hakukupa kitu?" Akasema ulikuwa na watu nyumbani, hukutoka. Watu gani? Nyumba inajaa watu kwa sababu gani?

Nimekwenda sokoni nimeshindwa kutangaza. Mteja kaniuliza, "Leo panya wamekula ulimi wako?" Nikawasha pikipiki nikaondoka. Mimi!

Andika hata mstari mmoja.

V.


Wampembe
8 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe ukimya. Nyumba ilijaa kwa sababu ya Timoth, mjukuu mwingine wa Kristiana, wa yule mwanawe mkubwa. Ni surua. Tulimpeleka kwa boti, akapanda gari mpaka hospitali. Yuko hai. Jicho moja limefanya ukungu, wanasema watajitahidi. Kristiana amerudi jana, hali, anakaa tu anatazama maji.

Sharon macho yake ni meupe. Kikohozi kimepona. Edith hamtoi nje, na mimi silali. Kila akipiga chafya nainuka.

Sasa nikuambie nilichokimeza. Nilikimeza kwa ajili yako, na sasa nakitapika kwa ajili ya huyu mtoto.

Siku lile gari lilipoingia tulikuwa mchangani na dagaa. Tukasikia mziki. Wote tukainua vichwa, tukajua ni yule wa panya. Mama mmoja akasema, "Afadhali, stoo yangu wamemaliza mahindi." Akaanza kufungua khanga atoe hela. Halafu sauti yako ikasema leteni watoto. Leteni wadogo wote, hakuna atakayebaki. Matone kidogo tu, kazi imekwisha.

Vale, mwaka jana uliposimama pale pale ulisema nini? "Wakubwa kwa wadogo, hakuna atakayebaki. Kidogo tu, kazi imekwisha." Na kesho yake tukazoa panya kwa ungo. Dawa yako inaua kweli, hakuna anayebisha. Sasa sauti ile ile, mziki ule ule, inaita watoto wetu watiwe matone mdomoni. Ungekuwa wewe ni mama ungefanya nini?

Walikimbia. Hawana imani potofu. Wana masikio.

Kristiana alimbeba Timoth mgongoni na Sharon kifuani, akanigeukia akasema, "Mama Edith, huyo si yule mdogo wako?" Nikasema sauti za watu zinafanana.

Ndivyo nilivyosema. Ulikuwa umefurahi sana kwenye barua, sikuweza kukuandikia. Na mbele za watu sikuweza kukukubali.

Unitukane ukitaka, lakini tafuta njia Sharon achanjwe.

Dominika


Chanji
11 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye lori la Azizi, kwa sababu sikuweza kungoja nifike nyumbani. Nilipofika kwenye panya nilianza kucheka. Kusema kweli nilicheka mpaka Azizi akaegesha gari. Panya kwa ungo! Halafu nikafika pale Kristiana alipombeba Timoth akakimbia, kicheko kikanikwama kama mfupa. Azizi aliniacha nikae. Baadaye akasema, "Mshikaji, wewe hukujua." Nikamwambia, dada aliniuliza mapema kuhusu ule mziki, nikamjibu umeuliza kitu gani.

Sikutukani. Hata mimi ningesema sauti zinafanana.

Nilikwenda kwa Nesi Hellena siku hiyo hiyo nikamsomea yote. Nikamrudishia na ule ujira wao. Akaukataa, akasema nitaulipia kwa miguu. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta, akauliza swali moja tu: "Huko, akina mama wanamsikiliza nani?" Nikasema wanamsikiliza Kristiana, na Kristiana kwa sasa hasikilizi mtu. Baada yake, dada yangu.

Basi imeamuliwa. Msafara unarudi Jumapili tarehe 21, mwezi umejaa, baada ya ibada, hapo hapo kanisani kwenu. Hakuna spika. Hakuna flashi. Hakuna kijana mwenye tai. Anakuja Nesi na msaidizi wake, na mimi nakuja kubeba masanduku ya barafu yenye chanjo. Sitafungua mdomo. Ukitaka nijifanye bubu, nitakuwa bubu hodari kuliko bubu wote wa Rukwa, umeona, nimeanza kujisifu tena.

Niambie tu nikae wapi. Pikipiki nimeipaki. Silali. Epifania anasema nikigeuka tena kitandani atahamia kwa mama Msanzi.

Mwangalie macho kila asubuhi.

Mdogo wako,
Valerian


Wampembe
28 Julai 2024

Vale,

Marahaba, mtu wangu. Umefika salama? Azizi alisema ulisinzia njia nzima mdomo wazi. Mume wangu anakusalimu, anasema yule samaki kuhe uliyepewa usimkaange kwa mafuta mengi, utamharibu. Timoth tangu atoke hospitali anaendelea vizuri. Anacheza, anageuza shingo ili jicho zima lione.

Nakuandikia kwa sababu siku ile wewe uliona mwisho tu. Nilikuambia ukae kwenye gari nyuma ya kanisa mpaka nikuite, ukakaa kama mzigo. Nikuambie ya ndani.

Ibada ilipokwisha nikasimama. Sijawahi kusimama kanisani ila kutaja majina ya wagonjwa. Nikasema kwa Kifipa, chanjo imekuja, iko nje. Mama mmoja akauliza, "Na yule wa panya amekuja nayo?" Wakacheka, lakini waliwashika watoto.

Nikatazama, Edith alikuwa ameinamisha kichwa na Sharon mapajani. Nikajua nikisema tena sauti zinafanana, yule mtoto anarudi nyumbani vile vile.

Nikasema, "Amekuja. Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Mwezi ule nilimkana mchangani, Kristiana ni shahidi. Anauza dawa ya panya, na ni fundi wa hiyo kazi. Hii nyingine ametumwa, na alitangaza kwa ujinga, kwa sababu hajui kuongea kwa namna nyingine. Lakini Sharon ni mjukuu wake. Muulizeni kama anaweza kumpa sumu damu yake."

Kristiana akainuka. Nilidhani anatoka. Akasema, "Mwite."

Hapo ndipo nilipokuita, na wewe ukatokea na sanduku kichwani, jasho linakutiririka. Hukujua kwa nini wote wanakutazama. Akakuuliza, "Wewe ndiye wa panya?" Ukaitikia kwa kichwa. Vale, hukusema neno! Akasema, "Tusikie sauti." Ukanitazama kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Halafu ukasema, "Shikamooni, mama zangu," kwa sauti ndogo, nusu imekauka.

Kumbe ile ndiyo iliyowaangusha. Mama wa stoo akasema, "Masikini, nje ya spika ni mtu tu."

Mengine uliyaona. Ulimpakata Sharon mwenyewe, akakuvuta ndevu, na sindano ilipoingia ukapiga kelele kabla yake. Hilo watalisimulia huku mpaka tuzikwe. Nyuma yako alisimama Kristiana amembeba mdogo wa Timoth, wa mwaka mmoja. Alipomaliza hakuondoka. Alikaa pale mpaka mama wa mwisho, na kila aliyesita alimwonyesha jicho la Timoth.

Sharon alipata homa kidogo usiku, kama Nesi alivyosema, asubuhi ikaisha. Anatakiwa arudie akifikisha mwaka na nusu.

Jambo lingine, usicheke. Nesi Hellena alibaki akanirekodi kwenye simu yake. Nimesema kwa Kifipa, halafu kwa Kiswahili. Nimekosea mahali, nikakohoa, nikamwambia afute. Akasema kikohozi kibaki.

Dada yako, tumbo moja,
Dominika


Chanji
10 Novemba 2024

Dada yangu Dominika,

Shikamoo, na mikono yote miwili. Mvua za kwanza zimegusa, tope la Chanji limerudi kuvaa viatu vya watu. Epifania mzima. Biashara inakwenda. Nimebadilisha mziki. Panya walilalamika mwanzoni lakini wamezoea.

Usidhani nimenyamaza miezi yote hii kwa hasira. Nilikuwa nangoja niwe na la kusema, na wewe unajua hiyo kwangu ni ajabu.

Juzi nilikuwa Msanzi, nimeegesha pikipiki karibu na nyumba ya mama, spika inaunguruma, wateja wamenizunguka, niko katikati ya ile hadithi ya panya wa Lubumbashi anayevuta sigara. Likapita gari la chanjo. Juu yake sauti ya mwanamke. Haina mziki. Inasema polepole, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua: mama wenzangu, mimi ni Dominika, nina mjukuu anaitwa Sharon. Na mahali fulani ikakohoa.

Mama alikuwa anapepeta. Akatoka na ungo mkononi, unga umempaka mpaka kwenye nyusi, akasimama katikati ya njia gari likakwama. Akawaambia watu, "Huyo ni Dominika wangu. Huyo nimemzaa mimi." Dereva akamwambia mama, tunaomba njia. Akasema, "Amalize kwanza." Majirani wakatoka, na watoto migongoni, wengine hata khanga hawajafunga vizuri, wakalifuata gari kwenda zahanati.

Mteja wangu mmoja akanivuta shati: "Kaka, malizia basi. Panya akafanyaje?"

Nimekuwa na sauti tangu nizaliwe, dada, na sijawahi kuona inawatoa watu majumbani namna ile. Nikanyoosha mkono, nikazima spika. Ilikuwa zamu yako.

Mbusu bibi yangu. Nikija na mwezi mpevu, ndevu zangu ni zake.

Valerian